Ukurasa wa Mwongozo Unaompotosha Msomaji: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Maelezo haya yametokana na kazi ya kusafisha ukurasa mmoja wa mwongozo (ule unaofunguliwa kwa amri `man`), `bamvu(1)`, wa programu ndogo ambayo sisi watu watatu tuliiandika hapa Chumbageni, Tanga, ili kukokotoa nyakati za maji kujaa na kupwa kwa ajili ya wavuvi wa Sahare, Mwambani na Pangani. Programu yenyewe ilikuwa inakokotoa sawasawa, lakini malalamiko hayakukoma, na karibu kila tulipofuatilia lalamiko moja tuliishia kwenye ukurasa unaoieleza programu, si kwenye programu. Mwanzoni niliamini kwamba kuna kazi mbili tofauti: ya mpangilio, ambayo ni ya mafundi, na ya maneno, ambayo ni ya wajuzi wa lugha. Sasa siamini hivyo tena. Kistari kilichobadilika sura na neno lenye maana mbili humfikisha msomaji mahali pamoja: anaandika au anatenda jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Ndiyo maana hapa chini ninaanza na kile anachokiona msomaji, kisha ninarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Ninachukulia kwamba ukurasa wako umeandikwa kwa roff, lugha ya kupangia maandishi, na makro za `man`, yaani maagizo yaliyotayarishwa kwa kurasa za mwongozo, na kwamba unausoma katika GNU/Linux yenye man-db (inayoleta amri `man`) na groff (inayoigeuza roff kuwa maandishi ya skrini).

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha kwanza kwamba faili unalolirekebisha ndilo linalosomwa. Amri `man -w bamvu` hutaja njia ya faili ambalo `man` italifungua, na mara nyingi utakuta kuna nakala mbili, moja ndani ya `/usr/local/share/man` na nyingine ndani ya `/usr/share/man`, huku wewe ukihangaika na ile isiyofunguliwa. Kisha soma mistari ya mwanzo ya faili lenyewe. Ikiwa inasema kwamba limezalishwa na help2man, Pod::Man au kifaa kingine cha namna hiyo, liache kama lilivyo, uende ukarekebishe matini lilikotoka, kwa sababu kila utakachokiandika humo kitafutwa siku programu itakapojengwa upya.

Likiwa ni faili la kuandikwa kwa mkono, lichapishe kama lilivyo na uweke akiba:

```
MANWIDTH=72 man -l bamvu.1 > kabla.txt
```

Baada ya kila rekebisho, lichapishe tena katika `baada.txt` na uyalinganishe mawili hayo kwa `diff`. Rekebisho la mpangilio wa chanzo peke yake halipaswi kubadilisha hata neno moja kwenye skrini. Likibadilisha, ama umeigundua kasoro iliyokuwa imejificha, ama umeleta kasoro mpya. Herufi nzito na za mlazo hazionekani katika ulinganisho huo, kwa kuwa `man` huziondoa inapoandika kwenye faili, isipokuwa ukiweka `MAN_KEEP_FORMATTING=1`.

Mwisho, ziulize programu zenyewe zinaona nini:

```
groff -t -man -Tutf8 -ww -z bamvu.1
mandoc -T lint bamvu.1
```

Ya kwanza huchapa maonyo tu bila ukurasa wenyewe, na ya pili ni kali zaidi katika mambo ya mtindo, kama nafasi zilizoachwa mwishoni mwa mstari au makro isiyo na maandishi. Si kila onyo ni kosa, lakini sijapata kujuta kwa kulisoma onyo.

Sentensi inakosa kipande, au jina la faili limetoweka

Katika ukurasa wetu, msomaji alikuta sentensi inayosema kwamba mipangilio husomwa kutoka kwenye faili, bila kutajwa ni faili gani. Chanzo kilikuwa hivi:

```
Mipangilio ya mtumiaji husomwa kutoka kwenye faili
.bamvurc lililomo katika saraka yake ya nyumbani.
```

Kwa macho ya binadamu hakuna kilichopungua. Kwa roff, mstari unaoanza na nukta si maandishi, bali ni agizo. Kwa kuwa hakuna makro iitwayo `bamvurc`, mstari mzima ukatupwa. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko Unix, kwani RUNOFF, programu iliyoandikwa na Jerome Saltzer huko Marekani mwaka 1964, tayari ilitumia nukta mwanzoni mwa mstari kutofautisha agizo na maandishi. Ritifaa mwanzoni mwa mstari hutendewa vivyo hivyo, na kwa hiyo mstari unaofungua na neno lililowekwa ndani ya ritifaa mbili utapotea pia.

Dawa ni kuweka alama isiyoonekana mbele yake, `\&.bamvurc`, au kuupanga mstari upya ili nukta isitangulie. Mimi hupendelea alama, kwa sababu kosa hili kwa kawaida halifanywi na mwandishi wa kwanza. Hufanywa na yule anayekuja kusafisha, anayekiamuru kihariri chake kipange upya mistari iliyorefuka, na neno lililokuwa salama katikati ya mstari likasukumwa hadi mwanzoni. Kila baada ya upangaji wa namna hiyo, tafuta mistari inayoanza na nukta au ritifaa na kufuatiwa na herufi ndogo:

```
grep -n "^[.'][a-z]" bamvu.1
```

Utaona maagizo halali machache, kama `.nf` na `.fi`, yanayozima na kuwasha upangaji wa mistari kuwa aya, na chochote kingine kitajulikana mara moja.

Upotevu wa pili hutokana na mkwaju uliolalia nyuma (`\`), ambao katika roff hufungua maagizo ya ndani ya mstari. Mfano wetu wenye `printf '%s\n'` ulionekana kwenye skrini ukiwa na `%s0`, kwa sababu `\n` ni agizo la kuleta thamani ya kihifadhi cha namba, na herufi inayofuata, yaani ritifaa ya kufungia, ikachukuliwa kuwa jina la kihifadhi hicho, ambacho kwa kuwa hakikuwapo kikatoa sifuri. Andika `\(rs` kila unapotaka mkwaju huo uonekane.

Amri iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa inakataliwa

Hii ndiyo dalili iliyotusumbua kuliko nyingine zote za mpangilio, kwa sababu msomaji hana njia ya kuiona kasoro kwa macho. Anainakili amri kutoka kwenye ukurasa, anaibandika, programu inasema haiielewi, na akiiandika mwenyewe kwa vidole inakubaliwa.

Katika roff kistari kitupu, `-`, ni kiungio cha maneno, kama kile cha `mkulima-mvuvi`. Kwenye skrini ya UTF-8 groff hukichapa kama alama U+2010 ya Yunikodi, orodha ya kimataifa ya alama za kompyuta, inayofanana kabisa na kistari cha kibodi, U+002D, lakini kwa kompyuta ni alama nyingine. Kistari cha kweli cha amri hupatikana kwa kuandika `\-`. Kwa miaka mingi watu wengi hawakuiona tofauti hiyo, kwa kuwa alama hizo zilikuwa zikirudishwa kwenye umbo la kibodi kimyakimya. Toleo la 1.23.0 la groff, lililotoka mwaka 2023, liliacha kufanya hivyo katika makro za kurasa za mwongozo, ingawa wasambazaji wa mifumo wanaweza kurudisha tabia ya zamani katika faili la `man.local`. Kwa hiyo ukurasa ule ule huweza kunakilika vizuri katika kompyuta yako na ukashindikana katika kompyuta ya jirani. Usiitegemee huruma ya msambazaji. Andika `\-` mwenyewe.

Kwetu sisi kistari hakikuwa mwanzoni mwa chaguo tu, bali pia katika namba. Usawa wa maji unapimwa kwa mita kutoka kwenye kipimo cha msingi, na rekebisho la kituo huweza kuwa chini ya sifuri:

```
.B bamvu \-\-rekebisha=\-0.2
```

Alama tatu za `\-` katika mstari mmoja zinachosha kuandika, lakini ukiacha ya mwisho, namba hasi itageuka kuwa maneno yasiyojulikana, na mtumiaji ataambiwa kwamba 0.2 yake si namba. Usiende upande wa pili pia ukabadilisha vistari vyote vya faili kwa agizo moja la kihariri: viungio vya maneno katika maelezo ya kawaida vinapaswa kubaki vitupu.

Ritifaa inahitaji uangalifu wa pekee kwa anayeandika Kiswahili, kwa sababu kwetu sisi ni sehemu ya tahajia. Programu yetu ina kituo kinachoitwa `ng'ambo`, kwa ajili ya upande wa Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Ritifaa tupu katika chanzo huchapwa kama alama iliyopinda, U+2019. Katika maelezo ya kawaida umbo hilo linapendeza na ninaliacha. Katika amri, huleta jina la kituo kisichokuwapo. Aliyeandika ritifaa ya kibodi bila kulinda kwa alama za kunukuu naye hayuko salama, kwani ganda la amri (shell) huichukulia kuwa mwanzo wa nukuu na hubaki likisubiri nukuu ifungwe. Mfano sahihi katika chanzo ni huu:

```
.B bamvu \-\-kituo \(dqng\(aqambo\(dq
```

Hapa `\(aq` ni ritifaa iliyonyooka na `\(dq` ni alama ya kunukuu ya kibodi. Jambo hili linagusa hata utafutaji. Msomaji aliyeufungua ukurasa na kutafuta `/ng'ambo` ataambiwa neno halimo, ilhali analiona mbele yake, kwa sababu lililomo lina ritifaa iliyopinda, akitafuta `/ng.ambo` atalipata. Ndiyo maana tuliamua kwamba jina lolote ambalo mtumiaji huweza kuliandika kama thamani litaandikwa kwa `\(aq` kila mahali, hata katikati ya aya. Kwa njia hiyo hiyo alama ya saraka ya nyumbani iandikwe `\(ti`, hivyo `\(ti/.bamvurc`, la sivyo itachapwa kama wimbi dogo la juu lisilofungua saraka yoyote.

Alama nyingine za kigeni huingia na matini yaliyoandikwa kwanza katika programu ya kuandikia barua: nukuu zilizopinda, vistari virefu, nafasi zisizokatika. Hapa Kiswahili kinaturahisishia kazi. Kwa kuwa lugha yetu haihitaji herufi yoyote nje ya zile za msingi za kibodi, kila kitu cha nje kinastahili kutiliwa shaka:

```
grep -nP '[^\x00-\x7F]' bamvu.1
```

Maneno yamekatwa vibaya, na kuna mapengo kati ya maneno

Maneno ya Kiswahili ni marefu, na roff hupenda kunyoosha ukingo wa kulia kwa kutanua nafasi kati ya maneno na kwa kukata neno mwishoni mwa mstari. Lakini groff haina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, na isipoambiwa vingine hutumia za Kiingereza, ambazo hupenda kutenganisha konsonanti mbili zilizofuatana. Silabi zetu haziendi hivyo; `nga` na `mba` hazigawanyiki. Tulikuta «Pan-» mwishoni mwa mstari na «gani» mwanzoni mwa unaofuata, na msomaji mmoja akauliza kwa dhati kama hapo paliulizwa swali.

Kwa jina moja linalosumbua, agizo `.hw Pa-nga-ni` huonyesha mahali panapofaa kukatwa. Kwa ukurasa mzima wa Kiswahili ninashauri kuzima ukataji na unyooshaji kabisa, kwa mistari miwili mara tu baada ya `.TH`, agizo la kichwa cha ukurasa:

```
.nh
.ad l
```

Ukingo wa kulia utakuwa na mapindo, lakini maneno yatabaki mazima na mapengo yataondoka. Mtu asiyeweza kubadilisha ukurasa anaweza kupata matokeo hayo hayo kwa upande wake kwa `man --nh --nj bamvu`.

Nafasi mbili zinazotokea ghafla baada ya kifupisho ni jambo dogo lenye chanzo kinachojulikana: nukta mwishoni mwa mstari wa chanzo huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi. Andika `n.k.\&` ikiwa kifupisho kimeangukia mwishoni mwa mstari na sentensi bado inaendelea. Na ili hesabu hiyo ikufanyie kazi badala ya kukusumbua, anza kila sentensi kwenye mstari wake mpya katika chanzo. Faida yake kubwa utaiona siku ya kulinganisha matoleo, kwa sababu sentensi moja iliyobadilika itaonekana kuwa sentensi moja.

Herufi nzito zimeenea, au msomaji ameandika neno asilopaswa kuliandika

Desturi ni kwamba kinachoandikwa vile vile kilivyo huwekwa katika herufi nzito, na kinachopaswa kubadilishwa na mtumiaji huwekwa katika mlazo, ambao kwenye skrini nyingi huonekana kwa kupigiwa mstari. Desturi hiyo ikivunjwa, mtumiaji huandika `--kituo JINA` kwa herufi hizo hizo, na hana kosa. Andika `.BI \-\-kituo= JINA`; makro hii hubadilishana nzito na mlazo na huunganisha vipande bila nafasi. Ukitaja ukurasa mwingine, acha nafasi katika chanzo, `.BR bamvu (1)`, kwani ukiandika `.BR bamvu(1)` hata mabano yatakuwa mazito. Koma ifuatayo neno nzito iandikwe vivyo hivyo: `.BR bamvu ,`. Aya nzima ikiwa nzito, tafuta `\fB` isiyofungwa kwa `\fR`.

Mistari yote baada ya mfano ikikataa kujipanga kuwa aya, tafuta `.nf` isiyo na `.fi`.

Jedwali limevurugika kwa mwenzako tu

Jedwali lililoandikwa kwa `.TS` na `.TE` halieleweki mpaka lipitie programu iitwayo tbl. Mstari wa kwanza kabisa wa faili unapaswa kuwa `'\" t`, ambao huiambia `man` iiite tbl. Mifumo kadhaa huiita bila kuambiwa, na ndiyo sababu mwandishi haoni kosa lake. Jaribu kwa `MANROFFSEQ='' man -l bamvu.1`, ikiwa jedwali la vituo limegeuka kuwa rundo la herufi, mstari huo haupo au hauko wa kwanza.

Programu ipo, ukurasa upo, lakini `whatis` haijui kitu

Amri `whatis` hutoa maelezo ya ukurasa kwa mstari mmoja, na huyapata katika sehemu ya jina (`NAME`). Sehemu hiyo ndiyo inayosomwa na mashine, na sharti iwe na jina, nafasi, `\-`, nafasi, kisha maelezo mafupi ya mstari mmoja. Ipime kwa `lexgrog bamvu.1`; ikijibu kwamba imeshindwa kuchanganua, angalia kistari kwanza, kisha kichwa cha sehemu. lexgrog hutambua kichwa hicho katika lugha zilizomo katika orodha yake tu, kwa hiyo ikiwa «JINA» halikubaliki katika mfumo wako, itakubidi uache `NAME` kwa kichwa hicho kimoja na uandike vingine kwa Kiswahili. Sikufurahia kufanya hivyo, lakini ukurasa usiopatikana kwa utafutaji ni hasara kubwa kuliko kichwa kimoja cha Kiingereza. Ukimaliza, endesha `mandb`, ambayo hujenga upya faharasa inayosomwa na `whatis`.

Msomaji ameelewa kila neno, lakini ametenda kinyume

Sasa tunaingia kwenye maneno, ambako hakuna programu itakayotoa onyo.

Dalili ya kwanza ni msomaji anayeuliza tofauti ya vitu viwili ambavyo ni kimoja. Katika ukurasa wetu kulikuwa na «faili», «jalada» na «nyaraka» kwa kitu kile kile, na chaguo moja liliitwa «hiari» mahali pamoja na «kigezo» mahali pengine. Mwalimu wa insha hutufundisha tusirudie neno. Katika mwongozo, kulibadilisha neno ni kutangaza kwamba kitu kimebadilika. Tulichagua neno moja kwa kila kitu, tukaandika orodha kando ya chanzo, na tukaamua hata ngeli: kwetu faili «limesomwa» na mafaili «yamesomwa», mwanzo hadi mwisho.

Kosa baya zaidi la aina hiyo lilihusu maji yenyewe. Mmoja wetu aliandika «mawimbi» pale alipokusudia maji kujaa na kupwa. Mvuvi akisikia mawimbi anafikiria upepo na hali ya bahari, na aliyeuliza kwa nini programu inatabiri mawimbi makubwa siku ya shwari alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Lugha ya pwani ina maneno kamili kwa jambo hili: maji hujaa na hupwa, kipindi cha mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu, na kile cha kati, maji yasipopanda wala kushuka sana, ni maji mafu. Hatukuwa na sababu yoyote ya kutafuta istilahi nyingine.

Dalili ya pili ni msomaji asiyejua kama jambo litatokea au la. Kitenzi «inaweza» ndicho chanzo karibu kila mara. Sentensi «programu inaweza kufuta faili la zamani» ina maana tatu: kwamba ina uwezo huo ukiiamuru, kwamba huenda ikafanya hivyo bila wewe kujua, au kwamba imeruhusiwa kufanya hivyo. Mtu mwenye hesabu za miezi sita katika faili hilo anahitaji kujua ni ipi. Andika «hufuta faili la zamani ukitumia `--safisha`», au «huenda ikafuta», au «si lazima kutaja faili», kulingana na ukweli wa programu, na «sharti» pale ambapo hakuna hiari. Neno «hadi» nalo lisiachwe peke yake: «kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 7, pamoja na siku hiyo ya mwisho».

Kwa maelezo ya machaguo tulikuwa na «onyesha», «kuonyesha», «inaonyesha» na «itaonyesha», kila moja kwa mkono wa mwandishi wake. Nimechagua kiambishi cha mazoea, «huonyesha». Kinasema tabia ya kudumu ya programu, hakilazimishi kuchagua nafsi wala ngeli, na hakimfanyi msomaji adhani kwamba yeye ndiye anayeamriwa. Wanaopendelea «onyesha» wana hoja ya ufupi, na ukurasa wao utasomeka vizuri mradi wasichanganye.

Dalili ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya yote, nayo inahusu saa.

Kijana mmoja wa Sahare alichapisha ukurasa wetu, akausoma mfano uliokuwa na maneno «kujaa 10:20» kwa siku ya bamvu, na akampelekea babu yake, nahodha wa miaka mingi.

«Shikamoo, babu. Karatasi inasema bamvu la kesho linajaa saa nne na dakika ishirini asubuhi.»

«Marahaba. Mjukuu wangu, saa nne ya bamvu watu wako mwambani wanatafuta pweza. Karatasi hiyo imepinduliwa.»

Babu alisema kweli. Katika pwani yetu, siku za bamvu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na hupwa karibu saa nne asubuhi. Aliyeandika mfano ule hakuunakili kutoka kwenye programu, bali aliukumbuka kichwani: saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akaandika 10:20. Programu yenyewe huandika 04:20, kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane. Kijana, ambaye simu yake nayo huhesabu hivyo, aliisoma 10:20 kuwa saa nne asubuhi. Hesabu zetu mbili za saa zimepishana kwa saa sita, na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kwa jambo lingine, kosa la saa sita lingeonekana kuwa kosa. Kwa maji, linageuza kujaa kuwa kupwa na kupwa kuwa kujaa, na ukurasa unabaki unasomeka vizuri kabisa, ukiwa na herufi nzito mahali pake na vistari vyote vikiwa sahihi.

Marekebisho yalikuwa matatu. Kila saa iliyo katika tarakimu sasa ni ya hesabu ya programu, yenye tarakimu mbili mbili, kwa mfano 04:20. Kila saa iliyo katika maneno ni ya hesabu yetu ya Kiswahili na haiachwi bila wakati wa siku: «saa kumi na dakika ishirini alfajiri». Na mahali zinapotajwa kwa mara ya kwanza zimewekwa pamoja, ili anayeijua moja aipate nyingine. Mifano yote tuliifuta na kuiandika upya kwa kuendesha programu na kubandika majibu yake, bila kusahihisha chochote kwa mkono; ukipitia ukurasa wa programu yoyote, endesha kila mfano uliomo kabla ya kugusa hata koma moja.

Rekebisho la saa tuliliweka peke yake, mbali na yale ya vistari na ya istilahi, ili anayelipitia asilazimike kulitafuta katikati ya mamia ya `\-`. Pamoja nalo tulibadilisha tarehe iliyo katika mstari wa `.TH`, jambo ambalo hapo awali tulikuwa tunalisahau kila mara. Tarehe hiyo huchapwa katikati ya ukingo wa chini wa ukurasa, na kwa sababu hiyo tuliweza kwenda Sahare na Mwambani tukiwa na maagizo mafupi: karatasi yoyote yenye tarehe ya zamani chini yake irudishwe, na mwenye nayo apewe mpya. Nakala tisa zimerudi. Ya kijana yule ilikuwa na mstari wa kalamu uliopigwa na babu yake juu ya 10:20, na pembeni ameandika, kwa herufi kubwa, KUPWA.